Kilemba cha Ukoka

Kaka yangu Ussi kaniletea mchezo kutoka Maskati,
umeingia kwenye simu pamoja na sauti yake, sekunde nne:
"Time! Kilemba karudi!"

Si yeye.
Nimecheza toka Isha hadi mama akagonga ukuta.
Kilemba ni chekundu, ndiyo, na ncha yake inapepea,
anaruka mapipa vilevile, magoti kifuani,
na waliomchora wamejitahidi kumchora vibaya,
vidoto vikubwa vikubwa kama punje za mtama,
lakini ubaya wenyewe ni wa kununua,
kama suruali inayotoka dukani imeshachanwa.

Wa kwetu hatukumjua jina.
Liliandikwa Kijapani juu ya kaseti ya manjano
yenye ufa ubavuni, ufa umebandikwa plasta ya hospitali,
na Khelef, mwenye kibanda pale Mtemani,
alisema huyu anaitwa Kilemba,
basi akawa Kilemba, Wete nzima.
Nusu saa, shilingi hamsini.
Tulizipata kwa kumchambulia Bi Mgeni karafuu,
na kile kitufe cha kurukia
kilinuka vidole vyetu mwaka mzima.

Sheria ya kibanda iliandikwa kwa mkaa:
*Alokufa asimame,
mwenzake ashike kiti.*
Haikunihusu. Mtoto wa kike hakuwa na kiti.
Nilisimama nyuma yako, nikipuliza kaseti ilipogoma,
kwa kuwa, mlisema, pumzi yangu haina mate.

Nyumba ya saba ina mlango wa bluu.
Nyuma yake, walisema watoto wa Jadida,
anakaa Mfalme wa Kunguru.
Hatukumwona.
Kila ukiunyooshea mkono ule mlango
mashine za Wesha zikachoka,
na mtaa mzima ukatoa "Aaah!" moja gizani.
Khelef hakurudisha hamsini ya mtu.
"Umeme si wangu," alisema, akitafuta kibiriti.

Huu mpya hausahau kitu.
Ukianguka unakuinua palepale, unakupangusa vumbi.
Alhamisi usiku nimeufungua mlango wa bluu
nikiwa nimelala chali, nakula ubuyu.
Yumo. Ana ngao, ana mioyo mitatu,
akafa kama kuku wa kideri.
Miaka ishirini na sita, Ussi,
nyuma ya mlango ule nimemtia kila niliyemwogopa:
mwalimu mkuu na bakora yake,
daktari aliyeziangalia picha za kifua cha baba asiseme neno,
na ule usiku ulioondoka, begi lako sebuleni.
Kumbe ni manyoya kumi na mawili. Nimeyahesabu.

Nikaiacha simu ife chaji kusudi.
Ilipowaka, Kilemba yuko palepale,
hana hata jasho.

Nimekaa nikitafuta kilichopungua.
Muziki ndio ule, au binamu yake.
Mapipa ndiyo yale.
Mpaka alfajiri, natia maji ndoo, ndipo nikakumbuka
kwamba mimi sikuwahi kuiona skrini nzima.
Nusu yake ilikuwa kisogo chako,
kisogo chenye kovu la upele, kikiyumba kushoto
Kilemba akienda kushoto,
kikizama mabegani Kilemba akifa.
Nilimjua kwa shingo yako.
Hapa yuko peke yake, kaenea kioo chote,
hakuna wa kumziba.

Saa mbili ukauliza: umefika wapi?
Nikakuvika kilemba, kaka, cha ukoka:
"Ndiye hasa! Sura ileile!
Nipo nyumba ya tatu, kunguru wananitoa roho."
Ukacheka. Nikasikia gari na feni na watu wa huko.
Halafu ukasema, taratibu,
"Ule mlango usiufungue. Ningoje. Nakuja Mfunguo Mosi."

Nimeufuta mchezo. Nimeuweka tena.
Yuko nyumba ya kwanza, kasimama kando ya pipa,
kitambaa kinapepea,
nami sijabonyeza kitu.