Fa, Ha, Mu

Umeme umekatika toka Nyawera mpaka Kadutu.
Nina visomeo viwili juu ya blanketi:
kimoja changu, kioo kina ufa,
kingine nimekiazima kwa mwalimu Nsimire mpaka Jumatatu.
Ndani ya vyote viwili nimeweka daftari la shangazi Cibalonza,
aliyepanga herufi za risasi miaka kumi na tisa
na kwenda harusini kwake na vidole vyeusi.

Changu kinadhani Kiswahili ni Kifaransa.
Kinaandika nyum-
kinashuka mstari
ba.
Ng'om-, be. Sham-, ba.
Nimetafuta lugha yetu kwenye orodha:
Kifini kipo. Kiaislandi kipo.

Cha Nsimire hakikati kabisa.
Kinavuta mistari ikaze kama shuka la hoteli,
na neno refu likigoma kuingia,
hawakutuandikishia,
yaliyobaki yanatawanyika, weupe unashikana na weupe
mpaka ukurasa unachimbika mtaro.
Shangazi aliita hiyo mito. Aliichukia.
“Utasoma, au utaogelea?”

Nikapunguza pambizo. Nikakuza herufi.
Nikazivua miguu, nikazivisha tena.
Mwishowe nikapata kanuni za kukata
zilizoandikwa na mtu nisiyemjua,
anayejua kwamba silabi yetu huisha mdomo ukiwa wazi.
Nyu-mba. Sha-mba.
Nikacheka peke yangu gizani.

Kisha ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa,
shangazi anamwandikia mwanawe:
Usisikilize watu. Baba yako alikufa-

Nikaganda. Mumewe alikwenda Shabunda, hakurudi,
na kwetu neno hilo hakuna aliyewahi kulitamka.
Kumbe yeye alijua. Kumbe aliliandika.
Betri asilimia sita. Kidole hewani.
Nikafungua:

hamu kabla hujazaliwa. Jina ni yeye alilichagua.

Sitailaumu kanuni. Fa ni silabi. Ha ni silabi.
Lakini shangazi angesimama pale, koleo mkononi,
angebana hapa, angelegeza pale,
vipande vya risasi vyembamba kama unywele,
mpaka neno lote livuke pamoja,
hata kama mchapaji anapiga kelele kwamba karatasi zinangoja.

Nimezima ukataji.
Weupe umerudi, mtaro kwa mtaro, katikati ya maneno yake.
Sawa, shangazi.
Leo nitaogelea.