Mkia wa Herufi Mbili

Madaftari thalathini na nane,
na Jadida yote haina umeme tangu magharibi.
Nilisahihisha kwa taa ya simu.
Karafuu za jirani zilikuwa zimekusanywa kutoka barabarani
lakini harufu ilibaki, imeingia hadi kwenye wino.

Mchana niliwafundisha:
kivumishi hung'ang'ania nomino
kama mtoto na kanga ya mamake;
kielezi hukifuata kitendo,
na kwa Kiingereza mara nyingi utakijua kwa mkia,
herufi mbili tu, huko nyuma, mkia wa mbuzi.

Shaame, wa dawati la dirishani, akauliza
mbona karafuu haitiwi mkia.
Sisi twasema inanukia vizuri,
wao wasema inanukia nzuri,
nani kakosea?
Nikamwambia: ukiitia mkia umeipa pua,
itakuwa karafuu yenyewe ndiyo inayonusa,
tena kwa ustadi.
Darasa likaangua kicheko.
Kombo akajifanya karafuu yenye mafua.
Nikarudi nyumbani najiona mwalimu mzuri,
au najiona nafundisha vizuri.
Si kitu kimoja, ujue.

Kisha daftari la Mize Faki.
Insha: Mtu Nimpendaye.
Mstari wa mwisho bibi yake anakufa,
na lile neno la ukimya limekaa pale uchi, halina mkia.
Nikalitia. Wino mwekundu, herufi mbili,
maksi moja nikaikata.

Asubuhi kanisubiri kwenye ngazi za skuli.
Hakulia. Kasema Kiswahili:
"Mwalimu, usiku ule mvua ilipiga bati,
mbuzi wa akina Mkubwa walilia mpaka alfajiri,
na mimi nilipiga ukunga.
Bibi hakufa kimya.
Kafa mkimya."

Em moja.
Miaka kumi na tisa nasomesha lugha ya watu
na em ya kwetu sijawahi kuitia kwenye mizani.

Nikaketi palepale, nikatafuta wembe mkobani,
nikaukwangua ule mkia taratibu
karatasi isitoboke.
Ikatoboka kidogo.
Kwenye tundu ukaonekana ukurasa wa pili,
hesabu za wiki iliyopita.

Maksi nikamrudishia. Akaondoka
upesi, au mwepesi,
sijui niandike lipi.
Kengele ililia, na Shaame keshanyoosha mkono
hata mlango sijaufungua.