Kichujio

Jumamosi mashine ya kufulia iligoma,
maji yakasimama ndani, ya kijivu, yana povu.
Nikamwita Kaarel anishikie beseni.
Nilijua kitakachotoka. Nilikiona juzi,
nikakirudisha palepale, nikakaza kifuniko,
mwoga kuliko wote katika ghorofa hizi za Annelinn.

Alifungua mwenyewe.
Senti kumi. Kifungo cha koti la baba yake.
Kisha kijifuko, si kikubwa kuliko ukucha,
kimeoshwa kikaoshika.

Hotuba nilikuwa nayo. Niliiandika nyuma ya bili ya umeme,
hoja saba, ya tatu nimeipigia mstari mara mbili.
Ikabaki mfukoni mwa aproni.

"Si yangu," akasema.
Maji yalimwagika beseni, yakatulia.
"Si yangu yote."
Sauti yake imekuwa nzito mwaka huu,
lakini kwenye *yote* ilirudi ya mtoto.

Nikasema: Mjomba wako Tarmo hakufa kwa moyo.
Alikufa kwenye ngazi, Februari, ghorofa ya pili.
Watu walimruka wakidhani amelewa.
Mimi nilikuwa na begi la shule. Nilimruka.

Hakuinua macho. Alishika mswaki mkuukuu
akasugua kichujio, akasugua palipokwisha kutakata.
"Na wewe? Uliwahi?"

Hoja ya nne: swali hili usilijibu.

Nikajibu. Mara ngapi, na nani,
banda gani nyuma ya kituo cha treni,
na kwamba ilikuwa tamu.
Hilo ndilo tusilolisema. Twaimba sumu, sumu,
naye mtoto akionja asikute uchungu
hatuamini tena, hata tukimwambia moto unaunguza.
Tarmo naye aliiona tamu, nikamwambia.
Tamu hadi ngazi ya tisa.

Sikumtaka kiapo. Nilimtaka simu:
saa yoyote, popote, yako au ya mwenzako,
hata ulimi ukiwa mzito hausemi,
nitashuka na buti juu ya nguo za kulalia,
na maswali nitayaacha juu.

Akarudisha kichujio. Mashine ikakohoa, ikazunguka.
Tukakaa sakafuni tukiitazama,
soksi zake na zangu zikikimbizana nyuma ya kioo.

"Mama," akasema, muda umepita,
"hoja ya saba hukuimalizia. Ilikuwa nini?"

Kumbe naye hunipekua mifuko.