Makapi Wamerudi

Saa kumi na moja alfajiri, Bomambuzi.
Tunashusha spika kwenye pikapu ya baba mdogo wa Elifuraha,
pikapu ya chakula cha kuku, ambayo kwa wiki tatu
ilitubeba sisi bila kubadilisha harufu.
Kila ngoma ina pumba. Amplifaya ukiitikisa
inatoa manyoya.

Mtaa umelala. Sisi, ambao masikio yetu bado yanavuma
kama nyuki waliosahau njia ya kutokea,
tunanong'ona, tunanyata na mizigo,
tunaogopa kumwamsha mama mwenye nyumba
anayetudai kodi ya miezi miwili.
Panki gani hawa wanaovua viatu mlangoni?

Tulijiita Makapi kwa ajili ya kinu cha kahawa
kilichomtoa baba yangu getini baada ya miaka ishirini na miwili.
Walibakiza punje,
kilichobaki wakakipeperusha.
Nilipomwambia jina la bendi alicheka mpaka akakohoa,
halafu akaninunulia nyaya za besi.

Singida walikuja watu kumi na mmoja.
Wawili walikuwa walinzi. Mmoja aliuza mayai ya kuchemsha,
akakaa mpaka mwisho, akasema:
"Maneno sijayashika, ila hasira naijua."
Akatupa mayai manne.
Hakuyarusha, la. Alitupa sisi, mkononi,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

Same, mama mmoja alikigusa kiduku cha Ndekirwa
kama anayepima homa,
akamuuliza taratibu kama kwao wanajua.

Na Babati. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa tatu,
nikadhani basi.
Mkunde akapindua ndoo ya maji, akaigonga,
tukapayuka gizani kwa koo tupu,
na vijana wa gereji ya jirani wakajibu kwa spana.
Hiyo ndiyo ilikuwa shoo.
Nyingine zote zilikuwa njia ya kuiendea na kuiacha.

Sasa tunahesabu juu ya boneti.
Elfu arobaini na moja na mia saba.
Toa mafuta. Toa pancha ya Katesh. Toa faini ya Njiapanda,
ambayo trafiki aliiandika huku akitingisha kichwa
kwa mdundo wa kaseti yetu wenyewe.
Kinachobaki hakigawanyiki kwa nne.
Mkunde anasema tugawe kwa tatu,
yeye Jumatatu anaanza kazi duka la matairi, Kiusa.
Anayasema haya akiyatazama matairi ya pikapu,
si sisi.

Ndekirwa hasemi.
Ndekirwa, mdomo wetu,
aliyezitukana kamati zote zilizokula mtaro wetu,
amekatazwa kusema. Jana Unga Limited, wimbo wa mwisho,
sauti ilimkatika kama waya wa gitaa;
akabaki ameachama,
na watu wakamjazia lile pengo, neno kwa neno,
hata matusi.
Usiku uleule daktari wa zamu alimmulika koo:
wiki sita, hata kunong'ona marufuku.

Anaomba kalamu kwa vidole.
Anaandika nyuma ya risiti ya mafuta,
ananipa kwa mikono miwili, kama mtoto anayepeleka daftari:
*Walitusikia?*

Nasoma. Nampa Elifuraha. Anasoma, anaikunja,
anaitia mfukoni pamoja na pesa.
Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kumkumbusha muuza mayai.
Lakini naye alikuwepo, na bado anauliza.

Jogoo wa jirani amepanda juu ya ngoma kubwa,
anadonoa pumba: ta, ta-ta, kimya, ta.
"Anawahi," anasema Mkunde. "Anawahi sana huyu."
Anainama, anatafuta vijiti chini ya turubai.
Ndekirwa anacheka bila sauti, mabega tu.

Taa ya mama mwenye nyumba inawaka.