Shimo la Pili

Feri ilinishusha pamoja na gunia la unga,
mtungi wa gesi na mbwa asiye na mwenyewe.
Mvua ya Chiloé hainyeshi, inakaa.
Imekaa juu ya vigae vya mbao, juu ya kanisa,
juu ya mabega ya Rosamel aliyekuja kunipokea:
alivitazama viatu vyangu, akatikisa kichwa.

Nimekuja kuonja, nilisema,
kwa Kihispania changu cha kuungaunga.
Natembea pwani za mbali, naonja, naandika.
Mama Eduvina Chiguay alikuwa anachochea jiko.
"Unaonja tu?" akauliza. "Hushibi?"

Jioni ile aliniandalia milkao:
kiazi kibichi kimekunwa, kimekamuliwa kwa kitambaa
hadi tone la mwisho, kikapondwa na mwenzake wa kuchemsha,
kikakaangwa hadi kikaimba.
Nikauliza kilichomo ndani.
Akajipiga ubavuni, akakoroma kama nguruwe, akacheka.
Nami nikacheka, nikakirudisha kisahani
taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
Hakusema kitu. Akaniletea tofaa la kuchoma.

Siku ya pili alinionyesha ghala.
Viazi vyeusi, viazi vya zambarau, viazi virefu
vilivyopinda kama vidole vya baba yake, ndivyo alivyosema,
na juu ya moshi, kome wakavu kwenye nyuzi za manyasi,
wekundu, wagumu, wametungwa mmoja mmoja.
Nikataka kumweleza kwamba kwetu kutunga ni kumoja:
samaki, shanga, shairi.
Maneno yakanipungukia.
Nikashika uzi, nikaonyesha daftari langu.
Akalichukua, akalinusa.
"Hili halijaiva moshi," akasema.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Sijui nani alimfikishia Eduvina methali ya bibi yangu,
maana alfajiri ya bamvua, maji yamekupwa hadi mbali
na majirani wanashuka na ndoo zao,
alinikabidhi sepetu.
Shimo kubwa lilikuwa tayari, la kila mtu,
lenye mbavu, soseji, kuku.
Akapiga hatua sita pembeni, akachora duara kwa kisigino.
"Lako. Halina nguruwe. Chimba."

Nilichimba nimevaa viatu vya mpira vya Rosamel,
vikubwa, kila hatua vinasema peke yao.
Alikuja kupima kwa mguu wake:
kina cha goti, si cha kifundo, wewe mwandishi.
Tukachoma mawe hadi yakageuka rangi.
Bismillahi, nikasema chini kwa chini;
Eduvina akafanya ishara ya msalaba;
mawe hayakuuliza.
Kome, chaza, viazi vya zambarau, maharage mabichi,
na chapalele nilizokanda mwenyewe
kwa mafuta ya alizeti ya dukani.
Juu yake majani ya nalka, moja linamtosha mtu kujisitiri mvua,
kisha mabonge ya nyasi, udongo upande wa juu.
Kisha kungoja. Kisha mvuke
ukatoboa ardhi kama ulikuwa umefungwa humo mwaka mzima.

Tulipofunua, nilidhani nitakula peke yangu.
Lakini kijukuu kimoja, Yerko, kikaja na bakuli,
akaja shangazi yake, akaja mzee wa kanisani mwenye ufunguo shingoni,
na kabla sijakaa, la kwangu lilikuwa nusu.
Wakanipa supu ya kome kwenye kikombe, ya chumvi,
nzito, ya moto hadi magotini.

Chapalele zangu zilikuwa ngumu. Siongopi:
ungeweza kuzigongea msumari.
Eduvina alitafuna moja muda mrefu, akiangalia bahari,
kama anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.
Akameza.
Akasema haina ladha yoyote.
Akanyoosha mkono, akaomba nyingine.