Kijachini

Kurasa arobaini na moja za ushirika wa kahawa, Mbale,
na chini ya kila moja mstari uleule:
Kwa bei ya leo mpigie Nambozo,
na namba yake.

Sikuuandika mara arobaini na moja.
Niliuandika mara moja, katika faili dogo
lisilo na mwanzo wala mwisho wake lenyewe,
kijachini.jsp, mistari sita,
kisha nikauambia kila ukurasa: hapa, mjumuishe huyu.

Nambozo alifariki Machi, wiki ya mvua ya kwanza.
Katibu Mafabi aliniita, hakuketi.
“Itoe namba ya marehemu.”
Nikafuta. Nikahifadhi. Nikafungua ukurasa wa bei:
Nambozo yupo.
Wa magunia: yupo.
Wa mikopo: yupo, hakuna tarakimu iliyotikisika.

Mashine haikukosea.
Nilikuwa nimechagua ile njia ambayo Java
huyamimina maneno ya kipande ndani ya ukurasa
kabla ya kuupika,
kama chumvi kwenye mchuzi wa malewa.
Ukishaipua, nenda kamwage chumvi ya koponi;
mchuzi una habari gani?

Ipo njia nyingine. Ukurasa, kila unapoombwa,
hufika pale ukasimama,
ukakiuliza kipande: leo una nini?
Hungoja jibu, ndipo huendelea.
Hugharimu punje ya muda.
Mwaka ule niliiona punje hiyo kubwa.

Usiku nikabadilisha, ukurasa kwa ukurasa,
ukungu umeumeza mlima Wanale,
umeme unakwenda na kurudi kama mdeni.
Kufika wa thelathini nikaipiga ile namba.
Sijui kwa nini.

“Mbichi au kavu?”
Wamboka, mgane wake, kabla sijatoa salamu.
Tangu Machi wanapiga, akasema,
wa Bududa, wa Sironko, hata usiku kama wewe.
Niwakatie?
Bei huipata kwa karani saa mbili asubuhi,
huiandika kwa chaki nyuma ya mlango,
juu ya mwandiko wa mkewe, ambao haufuti.

Sasa kijachini kinasema: mpigie Wamboka.
Mafabi alikuja na miwani mkononi.
“Namba mbona haijatoka?”
Imetoka, nikamwambia.
Hii ni nyingine.
Piga uone.