Swali la Saba

Kondo, karatasi yako ya jaribio ninayo bado.
Ina doa la mafuta ya andazi pembeni,
na kwenye swali la saba ina kosa langu.

*Kumi na tano inazidi tisa kwa ngapi?*
Ukaandika: mia moja thelathini na tano.
Nikakupiga kosa, mistari miwili imepandana,
wino ukatokeza mpaka upande wa pili,
maana nilikuwa na karatasi tisini na mbili
na mkondo wa mchana ulishajaa mlangoni
ukingoja madawati yenu.

Nikalala. Nikaamka, nikabandika uji,
na katikati ya kukoroga mwiko ukasimama:
kumi na tano mara tisa
ni mia moja thelathini na tano kweli.
Hukukosea, mtoto wa watu.
Uliona *zidi*, ukazidisha,
kama nilivyokufundisha Jumatatu.

Nani kakuvuruga? Nikaanza kufuata nyayo.
Darasa la kwanza, Mwalimu Tumpe alisema *ondoa*.
La pili, Mwalimu Mbwambo akasema *punguza*.
La tatu nikaja mimi na *toa*,
na siku nina haraka, *tofauti*,
na siku nimechoka, "hii kasoro hii, basi".
Kitendo kimoja, majina matano,
kama mtu anayekimbia madeni,
kila mtaa wa Mbagala una jina lake.

Na mjini maneno hayangoji vikao vya walimu.
Kwenu *punguza* ni ya redio usiku,
ni ya mama yako na muuza unga pale Rangi Tatu.
*Jumla* ni duka la Kariakoo anakonunua pipi kwa katoni.
*Zidi* ni chumvi.
*Tofauti* wanazo wapangaji wawili
wasiosalimiana tangu bili ya maji.

Nilipokuuliza tofauti ya kumi na tano na tisa
ulifikiri kweli, ukajibu kwa adabu:
"Kumi na tano wako wawili. Tisa anakaa peke yake."
Darasa likacheka.
Nami nilicheka, Kondo.
Kosa kwenye karatasi ni dogo.
Hilo la kucheka ndilo linalonirudisha hapa.

Ofisini tulibishana mpaka chai ikaota utando.
Mbwambo akasema watoto wa Dar wajanja,
wataunganisha wenyewe.
Tumpe hakujibu. Alitwaa manila,
akaandika kwa kalamu nene: KUTOA.
Kisha KUJUMLISHA. KUZIDISHA. KUGAWANYA.
Manne tu, la kwanza mpaka la saba,
mwalimu yeyote, mkondo wowote.
Mengine yaje kama wageni, yabishe hodi,
tuyatambulishe kwa jina na kwa ukoo:
huyu ni Tofauti, mtoto wa Kutoa;
na huyu, Inazidi-kwa-ngapi,
amefanana na Kuzidisha sura tu, si ndugu yake,
naye pia ni wa nyumba ya Kutoa.
Mbwambo akaguna. Halafu akatafuta gundi.

Wino haufutiki. Nilijaribu kwa wembe,
karatasi ikaanza kuchanika, nikaacha.
Nimeandika kando kwa penseli:
*jibu sahihi, la swali ambalo sikuuliza.*

Jumatatu manila ikapanda ukutani.
Tukaisoma kwa sauti, safu kwa safu,
mara tatu, mpaka mkondo wa jirani ukatuchungulia.
Nikajiona fundi.
Nikapiga makofi: "Haya, toeni madaftari."

Madaftari yakaanza kuchakarika,
isipokuwa dawati la tatu, dirishani,
ambako mkono mmoja mwembamba ulikuwa juu.

"Tuyatoe kwenye ngapi, mwalimu?"

Hakuna aliyecheka.
Ulikuwa unauliza kabisa,
kalamu tayari, jicho kwenye neno la Tumpe
ambalo gundi yake ilikuwa bado mbichi.

Nikameza mate.
"Fungueni," nikasema.
"Fungueni madaftari."